Kuku wa mchuzi wa Kiitaliano: cacciatora nyekundu, cacciatora nyeupe, potacchio au wa hoho?

Nilipokuwa nafanya kazi ya jikoni Malindi, siku moja niliagizwa kupika pollo alla cacciatora, kuku wa mchuzi wa Kiitaliano, kwa ajili ya wageni wawili wa mwenye nyumba. Nikapika kama alivyonifundisha yeye mwenyewe, mama wa Toscana: nyanya, karoti, mvinyo mwekundu. Mgeni wa kwanza, mzee wa Roma, akafunua sufuria, akanusa, akauliza nyanya zimefuata nini humo. Kwao cacciatora ni siki, rosemari na samaki wa chumvi, na nyanya ni za kuku mwingine, yule wa hoho anayeliwa Agosti. Mgeni wa pili, mtu wa Ancona, akasema wote wawili wamepotea, kuku hupikwa potacchio, pishi la kwao, basi. Wakabishana mpaka mchuzi ukaanza kushika chini. Niliuokoa mimi kwa kikombe cha maji ya moto, na hakuna aliyenishukuru.

Ndiyo maana ukitafuta mapishi ya kuku wa mchuzi wa Kiitaliano unapata kumi yasiyofanana, kila moja likijiita la asili. Yote ni ya asili, ila kila moja ni la mahali pake. Nimewapika hawa wanne mara nyingi, kwa gesi na kwa mkaa, na nimeona kwamba kuuliza yupi mtamu kuliko wote ni kujipotezea muda. Tazama kuku uliyenaye, halafu ujiulize nyumbani kwako wanapenda uchachu wa aina gani. Mambo mawili hayo yakishajulikana, chaguo limebaki dogo.

(Kuna wa tano, Marengo, anayehusishwa na vita vya tarehe 14 Juni 1800 ambapo Napoleon aliwashinda Waaustria huko Piemonte. Hadithi ni tamu, lakini pishi lenyewe linataka kamba wa mtoni na yai la kukaanga juu yake. Nimemwacha nje.)

Nitakavyowapima

Kwanza kuku mwenyewe. Mapishi haya yalizaliwa mashambani, kwa kuku anayejitafutia uani. Waitaliano wanamwita ruspante, kutokana na neno ruspare, yaani kuchakura. Ni kuku wetu wa kienyeji kwa jina jingine: nyama imekaza, mifupa ina ladha, na hapikiki kwa haraka. Broila wa wiki tano au sita ni kiumbe kingine kabisa. Ni laini, ladha yake hafifu, na ukimsahau motoni dakika ishirini tu za ziada nyama inaachana na mifupa, mchuzi unajaa nyuzinyuzi.

Pili, uchachu. Kila mmoja wa hawa wanne amesimama juu ya kitu kichachu, iwe nyanya, siki au mvinyo, na hapo ndipo nyumba zisizotumia pombe zinapokwama. Utasikia watu wakisema pombe yote huruka ikichemka. Si kweli. Majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha kuwa chakula kilichochemkia nusu saa hubaki na karibu asilimia 35 ya pombe iliyotiwa, saa moja asilimia 25, na hata baada ya saa mbili na nusu bado asilimia 5 imo. Kwa hiyo kama kwenu haiingii sufuriani, isiingie hata tone. Kinachobaki kuulizwa ni pishi lipi linavumilia kukosa mvinyo na lipi linabaki uchi, na nitalisema hilo kwa kila mmoja. Nyama ya nguruwe, ambayo baadhi ya wapishi hukatia vipande vidogo ndani, si uti wa mgongo wa pishi lolote kati ya haya. Iache bila hofu.

Baada ya hayo mawili ninaangalia muda na moto, gharama na upatikanaji wa vitu, halafu namna anavyokaa mezani. Hili la mwisho lina maana kuliko linavyoonekana, kwa sababu Waitaliano hawamwagi kuku juu ya tambi. Tambi huliwa kwanza, sahani zinabadilishwa, ndipo kuku anakuja na mkate wake. Kaskazini huja na polenta, ambayo ni unga wa mahindi uliosongwa laini, kati ya uji mzito na ugali. Kwa hiyo ukimla na ugali hujakosea hata kidogo, umefika Italia ya kaskazini kwa njia ya mkato.

Hatua ambayo hakuna anayeikwepa

Wote wanne wanaanza kwa kumtia kuku rangi, na mtu akiharibu, mara nyingi ameharibu hapo. Sisi wengi tumezoea kinyume, kumchemsha kwanza na kumkaanga baadaye. Waitaliano wanakaanga, kisha wanaongeza maji maji, kisha wanafunika.

Kata kuku wa kilo moja na nusu vipande vinane, mkaushe kwa kitambaa mpaka ngozi isiteleze mkononi, mtie chumvi. Weka vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni kwenye sufuria pana yenye kitako kizito, yashike moto, panga vipande ngozi chini, kisha usiviguse. Sikiliza. Mwanzoni mafuta yanapasuka pasuka kwa sababu maji bado yanatoka. Mlio ukitulia ukawa mvumo mmoja, ngozi imeanza kushika rangi. Baada ya dakika sita hadi nane kipande kinajiachia chenyewe kwenye sufuria. Ukikivuta kikagoma, hakijawa tayari, mwache. Usivisonganishe. Vipande vikibanana vinatoa mvuke na utakuwa umechemsha tena bila kujua. Kaanga kwa mafungu mawili.

Ule ukoko wa kahawia unaobaki chini ndio mchuzi wako. Usiuoshe! Nimewahi kumpa kijana msaidizi sufuria ashike kwa dakika moja, akaipeleka kwenye sinki akaisugua ikang'aa.

Ukiwa na jogoo mzee, mchemshe kwanza dakika 40 hadi 60, hifadhi supu yake, mkaushe, halafu uanze na hatua hii. Mitaliano atanuna akijua. Usimwambie.

Cacciatora nyekundu

*Kilichomo.* Alla cacciatora maana yake ni kwa mtindo wa mwindaji, na hii nyekundu ndiyo inayojulikana zaidi nje ya Italia. Katakata kitunguu maji kimoja kikubwa, karoti moja na shina moja la selari, vidogo sana. Ukishamtoa kuku, vikaange kwenye ukoko ule ule kwa moto mdogo. Mchanganyiko huo unaitwa soffritto na unataka dakika kumi na mbili, si tano. Kitunguu kilegee na kung'aa bila kuungua. Ongeza punje mbili za kitunguu saumu na kijiti cha rosemari, mimina glasi ya mvinyo mwekundu, kwangua chini kwa mwiko mpaka harufu kali ya mvinyo iishe, kisha tia nyanya gramu 400, za kopo au mbichi zilizomenywa. Rudisha kuku, funika na kifuniko kikiwa wazi kidogo. Watu wa Toscana huongeza zeituni nyeusi, wengine uyoga. Pellegrino Artusi, aliyechapisha kitabu chake cha mapishi Firenze mwaka 1891 kwa fedha zake mwenyewe, aliagiza kitunguu kilichokatwa kikae kwenye maji baridi zaidi ya nusu saa kabla ya kukaangwa, na akawaonya wasomaji kwamba chakula hiki hakiwafai wenye tumbo dhaifu. Hilo la kuloweka kitunguu ninalifanya mpaka leo, hasa vitunguu vikiwa vikali.

*Kuku.* Wa kienyeji, bila kusita. Mchuzi ni mwingi, unamlinda asikauke katika safari ndefu. Broila anakubali, ila usitarajie mchuzi uwe mzito wenyewe.

*Muda na moto.* Broila dakika 40 hadi 45 baada ya nyanya kuingia, kienyeji saa moja na nusu mpaka mbili. Jiko la mkaa linamfaa sana: mkaa ukishapoa kidogo unatoa moto ule hasa anaoutaka, wa povu moja moja.

*Bila mvinyo.* Anapoteza kidogo kuliko wenzake wote. Weka supu ya kuku kiasi kile kile na kijiko kimoja cha siki, na uache nyanya zikauke zaidi. Wageni wengi hawatagundua.

*Gharama.* Ndogo. Kila kitu kipo sokoni, na kama selari haipo, ongeza karoti nusu uendelee na maisha yako.

*Mezani.* Ugali, wali, viazi, mkate, vyote. Anakubali kupashwa moto na kesho yake ni mtamu zaidi.

Huyu ni wa nyumba yenye watu wengi na watoto, au ya mtu anayepika Kiitaliano kwa mara ya kwanza na hataki kubahatisha. Anayechoka na mchuzi wa nyanya kila siku, asije hapa. Ukimpunguzia rosemari kidogo tu, ameshakuwa mchuzi wa kuku wa kwa shangazi.

Cacciatora nyeupe

*Kilichomo.* Huyu ndiye aliyemfanya mzee wa Roma akunje uso. Ni wa mikoa ya Lazio na Umbria, na kule Roma kondoo mchanga hupikwa kwa mtindo huu huu. Hana nyanya kabisa. Na kumbuka nyanya ilitoka Amerika baada ya 1492, tena Waitaliano walichukua muda mrefu kuizoea, kwa hiyo mchuzi mweupe haumwigi yule mwekundu. Unajitegemea.

Kuku akishapata rangi, tia punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa, vijiti viwili vya rosemari, pilipili kavu moja. Mimina glasi ya mvinyo mweupe, ukauke nusu. Kisha siki, robo kikombe, ya mvinyo au ya tufaha. Hapo rudi nyuma hatua moja na usiinamie sufuria: mvuke wa siki unapanda wote kwa mara moja na utalia kama uliyemenya vitunguu gunia zima. Kila unapokauka, ongeza supu kijiko baada ya kijiko. Dakika kumi za mwisho, chukua minofu mitatu au minne ya acciughe, samaki wadogo wa chumvi wanaouzwa kwenye mafuta, uiponde kwa uma pamoja na majani machache ya rosemari na kijiko cha siki, uimwage ndani. Ndani ya dakika mbili samaki ameyeyuka, huoni kitu. Mchuzi haunuki samaki, unakuwa na chumvi yenye kina, kama ulipikwa tangu asubuhi.

Acciughe ni jamaa wa dagaa wetu wa Unguja, lakini wamekaa kwenye chumvi kwa miezi, hawakukaushwa juani. Nilijaribu mara moja kuweka dagaa wakavu waliopondwa badala yake. Nyumba ilinuka siku mbili, na kuku hakuwa Mitaliano wala Mzanzibari. Ukikosa acciughe, ponda zeituni nyeusi sita na chumvi kidogo, inatosha.

*Kuku.* Broila anapata faida kubwa hapa, kwa sababu ladha yote inatoka nje yake. Chukua mapaja na miguu, kidari kinakauka. Nyama ya paja inakuwa salama ikifika nyuzi 74 za Selsiasi, lakini ladha na ulaini vinakuja ikikaribia 85, kwa hiyo usiogope kuiacha. Kienyeji mkongwe atakusumbua: mchuzi ni mchache, na kabla hajalainika siki imeshakuwa kali kupita kiasi.

*Muda na moto.* Dakika 40 hadi 50, na hutaki kuondoka jikoni. Kwa gesi ni rahisi kuliko mkaa, maana unapandisha na kushusha moto mara kwa mara.

*Bila mvinyo.* Anasimama imara, siki ndiyo nguzo yake. Weka supu mahali pa mvinyo, ongeza vipande viwili vya ganda la limau.

*Gharama.* Vitu ni vichache, ila kichupa cha acciughe hupatikana zaidi madukani kuliko sokoni na si cha bei ya dagaa. Kikifunguliwa kinakaa kwenye friji muda mrefu, samaki wakiwa wamefunikwa mafuta.

*Mezani.* Mkate, viazi vya kuoka, mboga chungu za majani zilizochemshwa. Mchuzi wake ni vijiko vichache tu kwa kila sahani, kwa hiyo ugali unabaki mkavu.

Anamfaa mtu mzima anayependa vikali, anayepikia watu wawili au wanne, na mwenye muda wa kusimama. Watoto wangu hawamtaki. Mimi nikiwa peke yangu, ndiye ninayempika.

Potacchio

*Kilichomo.* Marche ni mkoa wa upande wa bahari ya Adriatiki, na Ancona ndio mji wake mkuu. Kule sungura, samaki mkavu na kuku wote hupikwa potacchio, neno la ukoo mmoja na potage ya Kifaransa. Kitunguu kimoja kilichokatwa vyembamba, punje nne au tano za kitunguu saumu zikiwa na maganda yake (wanasema zimevaa shati), rosemari ya kutosha, pilipili, na mvinyo mweupe glasi moja na nusu. Wao hutumia Verdicchio, mvinyo wa kwao. Nyanya? Wengine huweka mbili tatu za kupaka rangi tu, wengine hawataki kusikia. Mzee yule wa Ancona aliweka kijiko kimoja cha nyanya ya kopo huku akiniangalia kama anayefanya siri.

Siri halisi ni rosemari kuingia mara mbili: vijiti vizima mwanzoni, na majani mabichi yaliyokatwa vidogo dakika tano za mwisho pamoja na ganda la limau. Ya kwanza inatoa ladha, ya pili inatoa harufu.

*Kuku.* Broila mkubwa au kienyeji mchanga. Jogoo hapana.

*Muda na moto.* Dakika 45 kwa moto mdogo, kifuniko kikiwa kimekaa vizuri, halafu funua dakika kumi mchuzi ukaze mpaka unang'ang'ania vipande.

*Bila mvinyo.* Hapa ninasema ukweli: anaumia. Mvinyo ndio maji yake, ndio uchachu wake. Supu na limau vinatoa chakula kizuri, lakini ni kuku wa rosemari, si potacchio. Nyumba isiyotumia pombe iende kwa yule mweupe.

*Gharama.* Ukiacha mvinyo, ndiye wa bei ya chini kuliko wote. Nairobi watu wengi wanapanda rosemari kama ua wa nyumba na hata hawaipikii, omba kijiti.

*Mezani.* Mkate wa kupangusia sahani. Waitaliano wana jina la kitendo hicho, fare la scarpetta, kutengeneza kiatu kidogo, na hapa ndipo kinapohitajika.

Ni wa siku ya kazi. Vitu vichache, hakuna kukatakata selari, hakuna kumenya nyanya.

Kuku wa hoho wa Kirumi

*Kilichomo.* Pollo coi peperoni ni chakula cha Ferragosto, tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ambayo chini yake imelala sikukuu ya kale zaidi: feriae Augusti, mapumziko yaliyowekwa na Kaisari Augusto mwaka 18 kabla ya Kristo. Agosti ni joto kali, hoho zimejaa sokoni, na watu wanataka kitu cha kupika jana na kula leo kikiwa kimepoa.

Kilo moja ya hoho kwa kuku mmoja, nyekundu na za njano. Za kijani usiguse. Nilizitumia mara ya kwanza kwa sababu zilikuwa bei nafuu, nikampelekea mama mkwe bakuli zima, akaonja, akafunika. "Mwanangu," akaniambia, "hii dawa niinywe mara ngapi kwa siku?" Hoho ya kijani haijaiva, na uchungu wake unaongezeka kadiri mchuzi unavyokauka.

Zichome juu ya mkaa au moto wa gesi mpaka ngozi iwe nyeusi kabisa, zifunike kwenye bakuli dakika kumi na tano, kisha zimenye kwa vidole. Ngozi inatoka kama karatasi iliyolowa. Usizioshe kwa maji, ladha ya moshi itaondoka. Wapo wanaozikata mbichi na kuzikaanga na kitunguu, na mchuzi unatoka sawa, lakini vigozi vinakusanyika sahanini kama vijiti. Kuku akishapata rangi, tia kitunguu saumu, glasi ya mvinyo mweupe, nyanya gramu 400. Baada ya nusu saa ingiza hoho, dakika kumi na tano nyingine, zima. Halafu mwache. Saa mbili ndiyo kima cha chini, usiku mzima ndiyo desturi.

*Kuku.* Yeyote, ila mapaja ya broila ndiyo yanayokunywa mchuzi vizuri zaidi yakipoa. Kienyeji mpe saa moja ya ziada kabla hoho hazijaingia.

*Muda na moto.* Jikoni saa moja na nusu ukihesabu kuchoma na kumenya, lakini siku yenyewe ya kula hufanyi kitu. Mkaa unashinda hapa.

*Bila mvinyo.* Anavumilia karibu kama cacciatora nyekundu. Utamu wa hoho unataka kichachu kidogo mwishoni, kijiko cha siki kinatosha.

*Gharama.* Juu. Hoho za rangi huuzwa ghali kuliko za kijani, na kilo nzima si mchezo.

*Mezani.* Hahitaji kupashwa moto. Bakuli katikati, mkate, watu wanajipakulia. Ukimla na ugali usio wa moto sana utashangaa.

Anamfaa mwenye shughuli nyumbani: arusi ndogo, Idi, Pasaka, siku wageni wanafika kwa zamu na hujui lini.

Basi upike yupi?

Kama umepewa jogoo wa kijijini na una mchana mzima, pika cacciatora nyekundu na umchemshe kwanza kama nilivyosema. Kama ni mapaja ya broila, saa kumi na mbili jioni, na watu wazima watatu, chagua kati ya mweupe na potacchio kwa swali moja: kichupa cha acciughe kipo kwenye friji? Kipo, mweupe. Hakipo na mvinyo upo, potacchio. Vyote viwili havipo, mweupe wa zeituni.

Nyumba isiyoingiza pombe ina wawili wasioonewa, mweupe na mwekundu, na wa hoho anafuata karibu. Kwa watoto, mwekundu au wa hoho, bila pilipili. Tumbo likikusumbua kwa nyanya, hawa wawili waepuke, na mweupe punguza siki nusu.

Kwa mkaa peke yake, mwekundu na wa hoho. Hao wengine wawili wanataka moto unaotii. Kwa anayebeba chakula kazini, wa hoho, maana hana haja ya kupashwa. Kwa aliyeko Muscat au Ulaya, hali ya hewa ina maamuzi yake: Julai ya Muscat hakuna anayetaka jiko liwake saa mbili, pika wa hoho usiku, Januari ya Ulaya ni ya mwekundu, na madirisha yakipata ukungu wa mvuke ni sehemu ya raha yake.

Na ukipikia mgeni Mitaliano, muulize kwao ni wapi kabla hujamenya nyanya. Akisema Toscana, mwekundu. Roma, mweupe, isipokuwa ni Agosti. Ancona, mpe kazi ya kukata rosemari mwenyewe. Akisema Napoli mpe mwiko aonje mapema, kwa sababu anakuja na pishi la kwake na atataka kukueleza lote.